Feni Iliyomeza Udi wa Haboba

Nilikuwa natafuta sindano. Mkebe niliouvuta kutoka chini ya kitanda cha Mama ulikuwa ule wa zamani wa mafuta ya kupikia, wenye vifungo, nyuzi na takataka nyingine za maisha yetu, na kifuniko chake kilikuwa kimekazwa kana kwamba ndani mna siri ya serikali. Nikaubana kwa magoti, nikavuta. Kabla macho hayajaona kitu, pua ilikuwa imeshajua. Udi. Si ule wa vijiti wa dukani, unaonukia sabuni. Udi wa Haboba, alioupika mwenyewe kwa sukari na manukato ambayo alikataa kumtajia mtu yeyote, hata Mama.

Chini ya vifungo kulikuwa na feni ndogo nyeusi ya kompyuta, pana kama kiganja, mapanga yake yamegandiwa na masizi. Haboba tulikuwa tumemzika kabla ya Ramadhani. Nguo zake zilikuwa zimeshagawiwa watu, chumba chake kimepigwa rangi na kupata mpangaji, na mimi nilikuwa nimejiambia kwamba harufu yake sitaisikia tena hapa duniani. Nikaketi sakafuni na ile feni mapajani, nikalia, kisha nikacheka, kisha nikalia tena. Sindano sikuitafuta tena siku hiyo.

Mama alikuwa na saiba, duka la kuchapia na intaneti lenye kompyuta moja, kule Kianda, Kibera, upande wa Olympic, enzi zile simu nyingi zilikuwa za kupiga na kupokea tu. Watu walikuja kuchapiwa barua za kuomba kazi, kadi za harusi na ratiba za mazishi. Chumba hicho cha barabarani alikikodi kwa Haboba, aliyeishi nyuma yake, uani. Kwa Kinubi haboba ni nyanya, yaani bibi, na ploti nzima ilimwita hivyo, Wanubi na wasio Wanubi, hata Mama, Mjaluo wa kutoka ziwani ambaye hakukosa kwaya Jumapili hata moja.

Kila mtoto aliyezaliwa kwenye ploti ile alipelekwa kwa Haboba kabla ya kupewa jina. Hakuuliza kabila wala dini. Alimbeba, akamwekea sikio kifuani, akafumba macho na kumsikiliza akipumua, na muda wote huo hakuna aliyethubutu kugonganisha hata vijiko. Kisha akataja jina. Wazazi walikuwa huru kulikataa, lakini sikumbuki aliyelikataa. Jina langu la pili alilitoa hivyo, na mpaka leo ndilo ninaloitwa na watu wanaonipenda.

Yeye mwenyewe alikuwa na mtoto mmoja tu, Anko Idi, aliyekuwa Kanada akiendesha basi kwenye theluji. Kila Ijumaa baada ya swala ya alasiri Mama alifungia wateja mlango, akafungua kamera ndogo iliyobanwa juu ya skrini, na Haboba akaja kuonana na mwanawe. Hakusema Idi anapiga simu. Alisema, "Idi anakuja leo," na alijiandaa hivyo hivyo. Alifagia. Alivaa gauni la kutokea. Alileta gurusa za moto, zile chapati laini za Kinubi, na kuzifunika kwa tabaga, kile kifuniko cha kusuka chenye rangi zote za dunia, ingawa sote tulijua kwamba mlaji wa zile gurusa ningekuwa mimi.

Mwisho kabisa alileta udi, kwa sababu kwake mgeni hapokelewi na hewa tupu. Chetezo alikiweka sakafuni, mbele ya lile sanduku la kompyuta tuliloliita sipiyu, penye vitundu. Moshi ulipanda, ukasita kidogo, kisha ukainama na kuingia vitunduni, mkia wake ukifuata taratibu. Mimi nilichuchumaa kando nikitazama na mdomo wazi. Uliingia wote, wala haukutoka.

Nyuma ya sipiyu ilielekea ukutani, penye nyaya na giza, kwa hiyo sikuona yanayotendeka huko. Nilichojua ni kwamba ndani mlikuwa na kitu kinachovuma na kuvuta, na kwamba baada ya muda uso wa Anko Idi ulitokea kwenye skrini ukitabasamu. Kwa akili yangu ya darasa la kwanza mambo yalikuwa wazi kabisa. Moshi ulikuwa unaenda kwake. Ule mvumo ndio uliousukuma, chini ya ardhi na chini ya bahari, mpaka Kanada, na Anko aliposikia harufu ya kwao aliacha basi lake akaja. Nilimwuliza Haboba siku moja kama kweli Anko huusikia udi wake.

"Asisikie udi ya mamake," alinijibu, "ako na pua ya nini?"

Basi, sikuwa na shaka tena.

Lakini mvumo ulizidi kukua. Ukawa mkoromo, mkoromo ukawa mkwaruzo, na wateja wakapata la kusema. "Madam, nisagie mahindi kilo mbili nikingojea hiyo barua," mmoja alimwambia Mama, na utani huo ukazunguka Kianda nzima. Mama aliichapa sipiyu kofi la ubavuni, ikanyamaza kama mtoto aliyekemewa, kisha ikaanza upya. Akashauriwa kuitia mafuta ya cherehani. Ikatulia siku chache, halafu ikarudi na hasira za mtu aliyeibiwa. Haboba alikuwa na maelezo yake. "Hii imepatwa na jicho," alisema. "Watu wanaona wateja wanaingia hapa kila siku, watanyamaza?" Akaanza kuifukiza hata Jumatatu na Alhamisi, chetezo kikiwa karibu zaidi na vitundu. Mimi nilifurahi, kwani udi ukiongezeka Anko naye angezidi kuwa karibu.

Halafu Anko Idi akapata mtoto.

Alitokea kwenye skrini Ijumaa moja na kifurushi mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama, ni msichana. Msikilize. Mpe jina." Akamsogeza kwenye kamera. Haboba akafunua shungi, akainama, akaweka sikio kwenye spika. Sote tukanyamaza. Kilichosikika kilikuwa mkwaruzo tu, krrr, krrr, krrr, wala hakuna kingine.

"Nyamazisheni hiyo kitu," Haboba alisema.

Mama akaipiga kofi, haikusikia. Akamletea Haboba hedifoni, zikabana shungi, akasema anasikia kichwa chake mwenyewe tu. Kule Kanada mtoto alishtuka na kuanza kulia, na Anko akauliza, "Kwani huko mnasaga nini?" Haboba alijaribu tena, sikio likakandamizwa kwenye spika mpaka likapata alama. Kisha akasimama wima.

"Ijumaa ijayo," akasema. "Mimi simpi jina mtu sijamsikia."

Anko alijikuna kichwa. Ijumaa ijayo, alisema kwa sauti ya mtu aliye katikati ya wanawake wawili, ndiyo siku ya akika, karamu ya kumpa mtoto jina, na mama mkwe wake ameshachagua jina lake, tena analitamka kila asubuhi. Haboba asipotaja siku hiyo, litapita la huyo mwingine.

Haboba aliondoka bila kuchukua chetezo. Nilimfuata mpaka mlangoni pake, nikachungulia. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akifuta macho kwa ncha ya shungi. Watoto wote wa ploti alikuwa amewasikia, na wa kwake mwenyewe amemshinda. Sikujua kwamba wazee hulia. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa giza.

Kesho yake Mama alifunga sipiyu kwa leso, tukapanda boda boda, mimi nyuma ya dereva na sipiyu ikinikwaruza mgongo, tukapita Satellite mpaka Kawangware 46. Huko kulikuwa na fundi aliyesifiwa, kijana wa maneno mengi aliyeitwa Kevo, mwenye kibanda cha mabati kilichojaa maiti za kompyuta mpaka darini.

"Sasa mathe," alimsalimu Mama. "Niaje, mrembo. Hii ni kompyuta ama ni gunia ya makaa?"

Akaichomeka umeme, akasikiliza mkwaruzo kidogo tu, akaizima. "Kelele inatoka kwa pawa saplai. Feni yake imekwisha." Akachomoa waya, akafungua skrubu, akatoa kisanduku cha chuma kilichokuwa juu, nyuma. Nikanyoosha mkono.

"Zii! Usiguse," alisema. "Nimechomoa, lakini stima bado imelala huko ndani. Wacha kwanza iishe."

Tukangoja. Nilikitazama kile kisanduku kwa heshima ambayo sikuwahi kumpa hata mwalimu mkuu. Stima ilikuwa imelala humo! Alipofungua kifuniko nilisimama kwenye vidole nione. Niliona nyaya za shaba zilizoviringwa kwa ustadi, vitungi vidogo vimesimama kwa mistari, vibao vya bati vya kupozea, mji mzima mdogo usio na watu, na kila kitu kilikuwa na rangi ya kahawia kana kwamba mji huo ulikuwa umeunguliwa na sukari. Nilikuwa natafuta bomba. Nilijua lazima kuna bomba linaloelekea Kanada. Nilitafuta kila pembe, sikuliona.

Kevo akaisukuma feni kwa kidole. Ikakataa, halafu ikazunguka ikilalamika. "Hii si vumbi," alisema. "Vumbi ya Kibera naijua. Hii ni lami." Akanusa, akakunja uso, akatoka na kile kisanduku barabarani, akakipuliza kwa bloa.

Wingu la kahawia likatoka, na harufu ikafungua mbawa zake. Mama wa ndizi aliyekuwa ng'ambo aligeuka. Mzee mmoja mwenye kofia ya darizi alisimama katikati ya njia na kuvuta pumzi. "Mashallah," alisema, "harusi ni ya nani hapa?" Nami nilisimama pale Kawangware, mbali na nyumbani, katikati ya watu nisiowajua, na Haboba alikuwa amejaa barabara nzima. Ijumaa zote zile zilikuwa zimetunzwa humo ndani, na sasa zinatoka zote kwa mpigo.

"Mathe," Kevo aliuliza aliporudi, "nani anafukiza hii mashine?"

Mama akaanza kuikunja leso.

"Moshi ya aina hii iko na mafuta, iko na sukari. Ikiingia inashika. Feni imekula hii kitu miaka."

Mama alinigeukia, akaniinamia. "Umesikia? Haboba asijue. Ataumia roho."

Kevo alitafuta feni nyingine kwenye rundo lake la maiti. Ya kwanza ilikuwa nene, kifuniko kikakataa kufunga, naye akakilaumu kifuniko. Ya pili ikaingia. Alikata nyaya za ile ya zamani, akaunganisha nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, akachomea risasi, moshi mdogo mchungu ukapanda, akafunga kwa tepu. Alinionyesha mshale uliochongwa ubavuni mwa feni, unaoelekeza upepo uende wapi. Alipokwisha kurudisha kila kitu mahali pake, alichomoa uzi kwenye leso ya Mama bila kuomba ruhusa, akanipa. "Shika hapa nyuma, mrembo. Tuone kama nimeiweka poa."

Akawasha. Uzi ulinyanyuka na kupeperuka kuelekea kwangu. "Fiti. Inatoa joto nje."

"Nje wapi?" nikauliza.

"Nje. Hapa hapa."

"Na moshi ikiingia mbele?"

"Inatokea huku nyuma, inarudi kwa nyumba yenu. Ingine ndio hiyo imeshika kwa feni."

"Haiendi Kanada?"

Kevo alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Mama hakucheka. Alimwomba Kevo ile feni mbovu, akanitia mkononi. Njia nzima ya kurudi niliishika kifuani na kulia kwa siri, upepo wa boda boda ukinifuta machozi. Ina maana Anko hakuwahi kusikia chochote. Miaka yote hiyo Haboba alikuwa akimpokea mgeni asiyejua kwamba anapokelewa.

Ijumaa ikafika. Mama alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka, na kimya kikaingia ndani ya saiba. Sijui nikieleze vipi. Nilisikia saa ya ukutani, ambayo sikuwahi kujua kwamba ina sauti. Nilisikia kijiko cha jirani kikikoroga chai. Nilisikia Mama akimeza mate. Chumba kilikuwa kile kile, na kilikuwa kikubwa mara mbili.

Haboba akaingia na gauni lake la kutokea, chetezo mkononi, moshi tayari unapanda. Hakuona tofauti kwanza. Alikuwa mtu mwenye shughuli. Akaanza kuinama mbele ya sipiyu.

"Haboba," Mama akasema.

"Naam."

"Leo mgeni ni mtoto mchanga. Kifua yake bado ni ndogo. Si tuweke chetezo pale mlangoni?"

Haboba akabaki ameinama. Mtoto alikuwa Kanada, hilo alilijua kuliko sisi sote. Akamtazama Mama. Akaitazama sipiyu iliyonyamaza. Kisha akanitazama mimi, na mkono wangu niliouficha nyuma.

"Lete," akasema.

Nikampa. Aliisogeza ile feni puani, akanusa kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nami nilingoja uso wa Haboba uvunjike.

"Kumbe ni mimi," akasema.

"Haboba, hakuna mtu amesema ni..."

"Miaka yote nasema jicho, jicho. Kumbe jicho ni mimi!" Na akacheka. Alicheka kwa mwili mzima, mpaka akatafuta kiti, mpaka Mama naye akashindwa kujizuia na machozi yakamtoka. Kisha Haboba akainuka akihema, akakipeleka chetezo mlangoni yeye mwenyewe.

Mimi sikucheka. "Haboba," nikamwambia, "moshi haifiki kwa Anko. Fundi amesema. Inarudi tu hapa."

Hapo aliacha kucheka. Alinirudishia feni, akaifunika kwa vidole vyangu mwenyewe kimoja kimoja. "Hii haikurudi," akasema. "Imebaki hapa. Iweke vizuri, itafika tu. Kwani una haraka ya nini?"

Anko akatokea. Alikuwa amevaa kanzu, na nyuma yake watu wa akika walipita na sahani. Mtoto alikuwa amelala begani mwake. Alimsogeza tu, pole pole, mpaka skrini yote ikawa shavu. Haboba akafunua shungi, akaweka sikio kwenye spika, akafumba macho.

Kwanza sikusikia kitu. Kisha ikaja. Fuu. Kimya. Fuu. Pumzi ndogo, kama ya mtu anayepuliza chai kwenye kisahani. Mtu asiyejua kwamba sisi tupo, aliyelala kwenye nchi ya theluji, alikuwa anapumua ndani ya chumba chetu pale Kianda. Mwili ulinisisimka mpaka kwenye meno. Nimeona mengi tangu siku hiyo, nimepanda ndege, nimemzaa mtoto wangu mwenyewe, na sijawahi tena kustaajabu kwa kiasi kile. Mteja mmoja alikuja na karatasi za kupiga kopi, akatuona, akasimama mlangoni kando ya chetezo, akavua kofia bila kujua kwa nini.

"Sakina," Haboba akasema, macho bado amefumba. "Ametulia. Aitwe Sakina."

Kule ng'ambo Anko Idi alijifunika uso kwa kiganja.

"Na umwambie huyo mama mkwe," Haboba akaongeza, "mimi nimeshamsikia."

Sakina alikuja Jumamosi, siku chache baada ya mimi kufungua mkebe. Ni msichana mrefu, mwenye macho ya Haboba na Kiswahili cha kuokoteza, na amekuja kuona kaburi na nyumba. Nyumba haikuwa na cha kumwonyesha. Alisimama katikati ya kile chumba cha rangi mpya akigeuka geuka. Aliniambia kwamba babake alijaribu kufukiza udi kwao mara moja, kengele za moshi zikalia, jengo zima likatolewa nje kwenye theluji na nguo za kulalia, na tangu siku hiyo hajajaribu tena. Maisha yake yote amesimuliwa udi wa Haboba, hajawahi kuusikia.

Nikamletea ule mkebe ambamo Mama alinitunzia feni miaka yote. Niliufungua karibu na uso wake, nikampa ile feni. Aliinusa. Akafumba macho, nami nikajikuta nimezuia pumzi ili nisimkatize.

"Ni hii?" akauliza. "Moshi ya Haboba?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni yako. Ilichelewa tu njiani."